Taa ndogo ya IST imeungua, fundi anataka aweke LED gari zima. Inaruhusiwa?

Wa_Chanika:

Wakuu habari za usiku. Naomba mawazo kwa wanaojua umeme wa magari. Nina Toyota IST ya 2004, natokea nayo Chanika kwenda kazini Kariakoo na kurudi. Juzi jioni pale Gongo la Mboto trafiki kanisimamisha, kazunguka mbele kaniambia taa ndogo ya kushoto haiwaki, na kweli nilikuwa sijui, sikubishana nae, nikaandikiwa notifikesheni (karatasi ya faini) ya elfu 30 nikaondoka. Kesho yake nikampelekea fundi wa mtaani, kabla hata hajafungua boneti ananiambia globu ya taa ndogo ni buku tu ila mzee toa zote weka LED (zile zinazowaka kwa vidonge vya elektroniki badala ya waya), taa ndogo, taa kubwa, breki, indiketa, laki na themanini na kufunga humohumo. Anasema zinamulika mara kumi ya hizi za njano alafu haziungui.

Kilichonishika ni hapo kwenye taa kubwa. Taa zangu ni hafifu mno. Ukishapita Pugu kuna vipande vina giza totoro, na mwezi uliopita nusura nimgonge mtoto anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji, hana kiakisi wala tochi, nimemuona keshakuwa karibu kabisa na bampa, nimeshika breki gari ikaserereka ikasimama ubavuni kwake. Yule mtoto alinitazama tu akaendelea na safari yake, mimi nilishuka nikakaa pembeni kama dakika kumi miguu haina nguvu. Mpaka leo nikifika pale natembea spidi thelathini. Kwa hiyo siulizi kwa ajili ya urembo, nataka kuona barabara.

Sasa naomba kujua, LED zinaruhusiwa au ndo kila siku nitakuwa nasimamishwa? Na je ni kweli zinaumiza macho ya wanaokuja mbele? Na hiyo taa ndogo naweza kubadili mwenyewe au mpaka fundi?

Kijana_wa_Mbagala:

Mkuu funga LED ulale usingizi. Mimi nina Vitz, huu mwaka wa pili nazitumia, pea elfu 60, boksi limeandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) elfu ishirini. Natoka Mbagala mpaka Mkuranga usiku naona kama mchana, kila shimo naliona, na trafiki hajawahi kuniuliza hata siku moja. Hizo za njano ni za zamani. Kuhusu kuumiza watu macho, kila gari jipya siku hizi lina taa nyeupe, sasa kwa nini iwe shida kwetu wenye magari madogo?

Fundi_Umeme_Ilala:

Wa_Chanika pole sana kwa hilo la mtoto. Nipo kwenye umeme wa magari mwaka wa kumi na nne sasa hapa Ilala, LED nafunga na kuzifungua kila wiki kwa hiyo mimi siyo mtu wa kuzipinga. Ila lazima utenganishe taa na taa, mana watu wanasema LED kana kwamba gari lina taa ya aina moja.

Anza na iliyokuletea notifikesheni. Taa ndogo ya mbele kwa magari mengi ya hivi ni globu ya T10, wati 5, ile ya kioo kitupu ya kuchomeka isiyokuwa na kitako cha chuma. Unabadilisha mwenyewe nyumbani. Zima taa, fungua boneti, pitisha mkono nyuma ya taa shika holda yake zungusha robo kinyume na saa itatoka, alafu globu unaivuta moja kwa moja bila kuizungusha. Chomeka mpya rudisha, basi. Hapo hata ukiweka LED hakuna tatizo la maana, haitoi mwanga wa kumchoma mtu, inakula umeme kidogo na haichemki. Ila LED ina chanya na hasi, ukiiweka ikakataa kuwaka usidhani ni mbovu, itoe igeuze uichomeke tena. Chukua nyeupe ya kawaida, ya bluu achana nayo. Na zile za bei ya kutupa baada ya miezi michache zinaanza kupepesa, hapo unarudi kulekule kwenye kusimamishwa. Taa ya namba na ya ndani ya gari ni hivyohivyo, weka tu.

Indiketa mimi huwa namwambia mteja aache. Fleshia, yaani kile kifaa kinachopepesa indiketa, inasoma umeme unaopita, ukiweka LED inaona kama globu imeungua inaanza kupiga harakaharaka. Watu wanafunga rizista (kifaa cha kula umeme) kudanganya, ile rizista inachemka kuliko globu yenyewe, nimeshatoa bampa iliyotoboka kwa sababu mtu aliifunga imegusa plastiki. Kama lazima basi badili fleshia yenyewe weka inayokubali LED.

Sasa taa kubwa. Hapa naomba unisome taratibu na wewe Kijana_wa_Mbagala pia. Kama globu yako ni ya aina ya H4 (soma kwenye kitako chake usiniamini mimi), ndani ina nyaya mbili nyembamba, moja ya dimu (taa ya kushusha) moja ya fulu (taa ya mbali). Ule wa dimu chini yake umewekewa kikombe kidogo cha bati, na watu wengi hawajui kazi yake. Kile kikombe kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya riflekta (ile bakuli inayong'aa ndani ya taa), mana mwanga unaopiga pale ndio unaruka juu kwenye macho ya anayekuja. Riflekta nzima imechongwa kwa hesabu ya mahali ule waya ulipokaa, ukihama milimita moja au mbili picha yote ya barabarani inaharibika. LED haina waya, ina vidonge vilivyobandikwa kwenye ubapa wa chuma, kulia na kushoto. Zipo zinazojitahidi kukaa mahali palepale na zipo ambazo vidonge vimekaa popote ili mradi vinawaka, na hizo ndio zimejaa mtaani. Matokeo yake mwanga ni mwingi kweli, ila unasambaa. Unaona weupe mbele ya boneti mpaka kwenye majani ya miti unasema naona kama mchana, ila kule mbali ambako ndiko ulitakiwa umuone mtoto wa baiskeli hakuna kitu, na macho yako yameshazoea ule weupe wa karibu kwa hiyo gizani yanaona vibaya zaidi.

Na hizo lumeni elfu ishirini za kwenye boksi usizisome. H4 ya kawaida nzuri kabisa inatoa kama lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu, na kwa kiasi hichohicho watu wamesafiri Dar mpaka Mwanza usiku miaka yote.

Kwa hiyo kabla hujatoa laki na themanini angalia vitu hivi. Kwanza kioo cha taa. IST ya 2004 iliyokaa kwenye jua la Dar naomba nibashiri, kimekuwa cha njano kina ukungu? Ile ni plastiki, jua linaila juu. Hata uweke nini ndani mwanga unaishia pale. Inapigwa msasa wa maji, namba 800, alafu 1500, alafu 2000, ukimaliza polishi, inarudi kama kioo.

Cha pili ni umeme unaofika kwenye globu, na hiki mafundi wengi wanakiruka. Chukua mita, washa gari washa taa, pima betri, alafu pima kwenye soketi ya taa yenyewe ikiwa inawaka. Betri ikikupa 14 na soketi ikikupa 12 hapo ndo ugonjwa wako ulipo, mana globu ya njano ikikosa asilimia 10 tu ya volti inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Mara nyingi ni ethi (waya wa hasi) imeota kutu pale inapofungwa kwenye bodi, na magari yetu haya ya pwani ethi zinaoza vibaya. Ikishindikana unavuta waya mpya kutoka betri na fyuzi yake na rilei (swichi za umeme) mbili. Usije ukadanganywa uweke H4 ya wati 100, ile inayeyusha soketi na kuunguza riflekta. Iliyotengenezewa gari ni wati 60 za fulu na 55 za dimu, baki hapo.

Mwisho kulenga. Simamisha gari sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, tairi ziwe na upepo, mtu akae kwenye kiti cha dereva, kile kigurudumu cha kushusha taa kiwe sifuri. Weka alama ukutani usawa wa katikati ya globu. Mstari wa dimu unatakiwa ukae kama sentimita 10 chini ya alama, na upande wa kushoto uinuke kidogo kwenda juu, mana sisi tunaendesha kushoto na huko ndo kuna watembea kwa miguu. Kama ukutani huoni mstari unaona wingu tu, basi hiyo taa inamulika macho ya watu.

Alafu ukinunua globu mpya ya H4 usiishike kioo kwa vidole, mafuta ya mkono yanaipasua ikichemka. Na badili zote mbili kwa pamoja.

Dereva_wa_Semi:

Fundi Mungu akubariki umesema. Naomba niongee na huyu kijana wa Mbagala bila ugomvi wowote mdogo wangu. Mimi nashusha mzigo Tunduma, barabara ya Morogoro naijua kwa harufu, na miaka hii ya karibuni usiku umekuwa mgumu kuliko zamani na sababu kubwa ni hizo taa. Mwaka jana nimevuka Ruvu natafuta Chalinze, mbele yangu kunakuja kagari kadogo kana taa nyeupe zile za kuchoma, nikampigia fulu mara moja kumwambia shusha, na yeye akanijibu kwa fulu yake, kumbe ile ya kwanza ndo ilikuwa dimu. Yaani pale kwa sekunde tatu nne hivi sina barabara, naona weupe tu, nikiwa na tani zangu nyuma huwezi kusimama ghafla, nikashika mstari wa kushoto kwa kukisia. Macho yanarudi hivi naona majani yametupwa barabarani, tawi la kwanza, la pili, nikajua mbele kuna mwenzetu ameharibikiwa, na kweli lori limekufa nusu lipo kwenye lami na tanboi (msaidizi wa dereva) yuko chini ya uvungu anafungua tairi. Nilimpita kwa upana wa mkono. Yale majani yalikuwa yamewekwa vizuri kabisa kwa umbali unaotakiwa, nisingepofushwa ningeyaona mapema sana.

Huyo mwenye kagari alipita akaenda zake, na naamini hata leo hajui. Wewe unasema trafiki hajakuuliza, sawa, lakini trafiki hakai mbele ya taa zako usiku saa nane Mkuranga. Wanaokaa hapo ni sisi na bodaboda.

Wa_Chanika:

Fundi umebashiri kweli, vioo ni vya njano nilidhani ndo rangi yake. Dereva nimesoma yako mara mbili. Naomba anayejua upande wa sheria anisaidie, mana fundi wangu wa mtaani amesisitiza kwamba hakuna sheria inayokataza LED.

Mama_Bandarini:

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni kutoa magari bandarini, kwa hiyo swali hili wateja wananiuliza sana. Hapo fundi wako anachanganya mambo mawili, LED yenyewe na mwanga unavyotoka. Magari yanayotoka kiwandani na LED yapo barabarani kihalali kabisa, mana taa nzima imebuniwa kwa LED, riflekta yake na lenzi yake. Kinacholeta shida ni kuchomeka globu ya LED ndani ya taa iliyobuniwa kwa globu ya waya.

Kwetu sisi sheria mama ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, sura ya 168, na ukisimamishwa swali siyo umeweka teknolojia gani, swali ni kama taa zinawaka zote, rangi ni sahihi na hummuliki mwenzako. Mbele nyeupe au ya njano, nyuma nyekundu, indiketa ya rangi ya chungwa, na ukikutana na gari unashusha taa. Hilo la kushusha kila aliyepita chuo cha udereva amefundishwa. Sasa kama taa yako hata ukiishusha bado inachoma, unajibu nini? Na vimulimuli vya bluu na vyekundu ndo usiguse kabisa, hivyo ni vya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa, na hili polisi wamelisemea hadharani mara nyingi.

Wenzetu wameliandika wazi zaidi. Uingereza tangu Januari 2021 mwongozo wa MOT, ule ukaguzi wao wa magari wa kila mwaka, unasema gari lililoanza kutumika kuanzia Aprili 1986 lenye taa ya halojeni (hizi globu za waya) likibadilishiwa globu za LED halifaulu. Ujerumani ndo walifungua mlango kidogo mwaka 2020, wakaidhinisha globu za LED za Osram kwa orodha ya magari yaliyopimwa modeli kwa modeli, ikiwa gari lako halimo kwenye orodha hairuhusiwi. Ukiangalia hapo unaona hata wao wanasema globu ileile inaweza kukaa vizuri kwenye taa hii na vibaya kwenye nyingine, kama fundi alivyoeleza.

Kingine ambacho hakijaguswa. Kuna watu wanabandika zile taa za mchana za LED kwenye bampa, na magari ya Ulaya mapya yote yana taa hizo mana kule ni lazima kwa modeli mpya tangu Februari 2011. Ni nzuri, gari linaonekana mapema. Shida ni kwamba kwa magari mengi zinawaka mbele tu, nyuma hakuna kitu. Jioni saa moja unaona mtu barabara ya Mandela anatembea na taa za mchana, anaona mbele kuna mwanga anadhani amewasha taa, kumbe nyuma gari ni jeusi tii. Wekeni swichi ya taa kabisa jua likizama, jamani.

Na anayenunua gari la kutoka Marekani au Ulaya bara akumbuke taa zake zimelengwa kulia, mana wao wanaendesha kulia. Zikija hapa zinapiga moja kwa moja anayekuja. Za Japani hazina shida hiyo.

Bi_Mwenge:

Naomba niongezee kuhusu breki mana mimi yamenikuta. Mume wangu alinibadilishia globu za nyuma kwenye Premio akaweka LED nyeupe, dukani walimwambia kioo ni chekundu kwa hiyo itatoka nyekundu tu. Ikawa inatoka pinki ya kufifia. Mbaya zaidi ile globu inafanya kazi mbili, taa ya nyuma na breki, ile ya kawaida ni wati 5 ikiwa taa na wati 21 ukikanyaga breki kwa hiyo mtu wa nyuma anaona tofauti. Hii ya LED ilikuwa inawaka karibu sawasawa. Mimi nimekaa mbele sijui chochote. Tukiwa foleni ya Mwenge usiku bajaji ikanifuata ikaingia chini ya bampa, yule kijana akaniambia mama mimi sijaona breki yako, nikamkatalia, nikamwambia unakimbia tu. Nikamwambia mwanangu akanyage breki mimi nikaenda nyuma kuangalia kwa macho yangu. Yule kijana alikuwa mkweli. Nilimlipia kioo chake nikamwomba msamaha palepale.

Ukiweka LED nyuma iwe nyekundu yenyewe, na simameni nyuma ya gari usiku mtu akanyage breki muone.

Kijana_wa_Mbagala:

Wakubwa shikamooni. Dereva nimekusoma, na sikutaka kujibu kabla sijaangalia. Jana usiku nimeenda kwenye ukuta wa godauni hapa jirani, mita 10 nimepima kwa hatua, nikawasha. Hakuna mstari. Kulia na kushoto kuna mabaka mawili ya mwanga juu kabisa ya alama, usawa wa kichwa cha mtu. Nikazishusha kwa ile skrubu mpaka mabaka yakashuka, sasa nikawa naona mita kumi tu mbele ya gari. Alafu kufungua nyuma nikakuta ile kofia ya mpira haijafunika vizuri kwa sababu ya feni ya LED, ndani kuna maji na vumbi, riflekta upande mmoja imeanza kuchubuka. Nimezitoa. Taa ndogo na ya namba nimeacha LED. Fundi swali, nikitafuta taa nzima yenye projekta (ile yenye lenzi ya duara mbele) je?

Fundi_Umeme_Ilala:

Heshima kwako kijana, wengi wakishatoa hela hawarudi kuangalia. Projekta ina bati la kukata mwanga ndani yake kwa hiyo mstari unaupata, ila kama imetengenezwa kwa globu ya waya bado LED ya kuchomeka inaweza kuacha shimo la giza katikati kule mbali. Tafuta iliyojengwa kwa LED tangu mwanzo na mtu anayejua kuilenga. Kwa hela yako ya sasa ningesema tafuta riflekta nzima nzuri iliyotumika, weka H4 mpya.

Wa_Chanika:

Narudi kutoa mrejesho wakuu mana mmenisaidia sana.

Taa ndogo nimebadili mwenyewe nje ya nyumba yangu, ya kulia ilikuwa nayo imeshakuwa nyeusi ndani nikabadili zote. LED ya kushoto ilikataa, nikaigeuza ikawaka. Jumamosi nimeazima mita kwa jirani, betri 14.1, soketi ya kushoto 12.2, ya kulia 12.6. Nikafuata waya wa ethi mpaka chini ya taa, ile skrubu nimeigusa tu imetoa unga wa kijani. Nimeisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nimefunga upya na kupaka grisi, sasa napata 13.6 pande zote mbili. Kioo nimepiga msasa asubuhi nzima, mikono inauma, msasa wa kwanza ulinitisha mana kilizidi kuwa cheupe kama maziwa nikadhani nimeharibu, ila 2000 na polishi imekileta. H4 mpya mbili. Vyote pamoja haijafika elfu 50.

Jana usiku nimepita palepale. Naona ukingo wa lami kushoto, naona watu wanaotembea na wanaokuja mbele hawanipigii fulu. Nimepita na hamsini.

Fundi, jirani anasema kile kioo kitarudi njano baada ya miezi kadhaa, ni kweli?

Fundi_Umeme_Ilala:

Ni kweli, umeshatoa ile ngozi ya juu iliyokuwa inazuia jua. Tafuta klia (vanishi angavu) ya kupuliza ya taa, ile iliyoandikwa inazuia mionzi ya jua, safisha kioo kwa spiriti, puliza tabaka mbili nyembamba asubuhi kabla upepo wa vumbi haujaanza, acha ikauke siku nzima bila kugusa. Na ukipata kivuli paki pua ya gari kivulini.